Waliosukumwa Mtoni

Mto Nairobi huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu. Nimeufuata kuelekea mashariki nikitafuta vijiji ambavyo ramani za leo hazivionyeshi.

Reli kutoka Mombasa ilipofika Nairobi Mei 1899, mafundi walipiga kambi kwenye tambarare ya tope na mafunjo. Waliokuwa wapagazi wa misafara, wengi wao Waislamu wasemao Kiswahili, walijenga vijiji vyao pembezoni mwa mji huo mchanga: Maskini, Mji wa Mombasa, Pangani. Serikali ya kikoloni ilipogawa ardhi, Wazungu walichukua miinuko ya magharibi na kaskazini. Waafrika walipelekwa mashariki, yanakoteremkia maji ya wote pamoja na uchafu wao. Maskini kikavunjwa. Pangani, kilichokuwa upande wa Mto Mathare, kikafuata mwishoni mwa miaka ya 1930, na watu wake wakahamishiwa Shauri Moyo. Wengi waliokuwa na nyumba zao wenyewe wakawa wapangaji wa halmashauri ya mji.

Siwezi kuisoma habari ya usafishaji wa mto bila kuwakumbuka watu hao.

Karibu na barabara ya Kijabe ipo bustani yenye jina la John Michuki, aliyekuwa waziri wa mazingira kuanzia 2008. Aliusafisha mto kwa ukali wake uliojulikana, miti ikapandwa, na watu bado hupumzika hapo. Lakini shuka kidogo tu, upite gereji za Grogan zinakomwagwa oili chafu, kisha soko la Gikomba, mpaka Dandora kwenye jaa la taka lililofunguliwa 1975. Mito ya Mathare na Ngong nayo huingia katika Mto Nairobi na mizigo yao. Mto hatimaye huungana na Athi, ambao huko chini huitwa Sabaki na kumwagika baharini kaskazini ya Malindi. Taka za Nairobi ni shida ya mvuvi wa pwani pia.

Mvua za Aprili na Mei 2024 zilipofurisha mito, serikali iliamuru walio ndani ya mita 30 kutoka ukingoni wahame. Tingatinga zikaingia mtaa wa Mathare kubomoa nyumba za watu ambao maji yalikuwa yameshawapokonya vitu. Machi 2025 ukazinduliwa mradi wa kuusafisha mto, wa takriban shilingi bilioni 50: mabomba ya majitaka, nyumba, njia za miguu.

Mabomba ni ya lazima, nayaunga mkono kwa moyo wote. Ila kazi ya kuusafisha mto ilikwisha kuanzwa na wakazi wenyewe. Katika mtaa wa Korogocho, vijana wa kikundi cha Komb Green waliligeuza jaa la kando ya mto kuwa bustani, wakipanda miti na kuokota plastiki kwa mikono. Walianza 2017. Hao ndio wa kuulizwa kwanza nani abaki na nani ahame.