Kigwa: Hongo na Kivuko

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo na nguo, shanga na nyaya za shaba ilipita Kigwa ikikaribia Tabora. Iliyorudi pwani ilibeba pembe za ndovu na kuswaga watu waliotekwa. Mzigo ulikuwa mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Tunawataja kabla ya mwandishi wa habari Stanley, aliyepita hapo Juni 1871.

Baada ya Tabora, kuelekea Ujiji, mto Malagarasi ulivukwa kwa mitumbwi. Mtawala wa Uvinza alitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa vitambaa, na wenye mitumbwi walidai ujira wao. Mamba alimnyakua punda wa Stanley kivukoni.

Leo mto Malagarasi una Daraja la Kikwete. Ada ya kuvuka, inayokumbusha hongo ya zamani, ilianza kutozwa 2016 huko pwani, kwenye Daraja la Nyerere, Kigamboni.