Mikono Itetemekayo na Moyo Uliochoka: Historia Fupi ya Ugonjwa wa Parkinson na Huduma Yetu ya Kichungaji

Huko Pasua, sehemu tambarare iliyo chini ya mji wa Moshi, tulikuwa na mzee mmoja wa kanisa ambaye jina lake hatutalitaja. Kwa miaka mingi alipokea sadaka na kuipeleka madhabahuni. Jumapili moja mkono wake ulitikisika, sarafu zikamwagika sakafuni, na watoto wakacheka. Tangu siku ile alikaa benchi la nyuma, kisha akabaki nyumbani. Washarika wengine walisema analewa. Wengine walinong'ona kwamba ametupiwa kitu. Tulipomtembelea alituambia, “Mchungaji, nimechoka. Heri Bwana anichukue kuliko kuwalemea watoto.” Tulimsomea Zaburi, tukaomba, tukaaga. Maneno yake tuliyasikia kuwa ni ya mwamini anayengojea kwenda nyumbani, wala hatukumwuliza swali lolote zaidi. Makala haya yametokana na swali hilo ambalo hatukuliuliza.

Mwaka 1817 tabibu wa London, James Parkinson, alitoa kijitabu juu ya kile alichokiita kupooza kwa kutetemeka. Aliwaeleza wagonjwa 6, ambao baadhi yao aliwaona barabarani tu. Aliandika kwa uangalifu juu ya mikono, mgongo unaoinama na hatua fupi za haraka. Lakini aliandika pia kwamba hisi na akili za mgonjwa hubaki salama. Baadaye katika karne hiyo Charcot wa Paris, aliyeupa ugonjwa huu jina la Parkinson, alipinga jambo hilo. Hata hivyo wazo la kwanza liliishi muda mrefu, na matabibu wengi waliendelea kuutazama ugonjwa huu kuwa ni wa viungo peke yake.

Leo yajulikana kwamba seli za ubongo zitengenezazo dopamini hufa polepole, na kwamba kemikali nyingine zinazohusika na furaha na huzuni hupungua pia. Ndiyo maana huzuni ya ugonjwa, ambayo siku hizi huitwa sonona, yaweza kumpata mtu miaka kadhaa kabla mkono haujaanza kutetemeka. Yafaa jambo hili litafakariwe vema na kila mchungaji. Huzuni ya mgonjwa huyu si malalamiko tu juu ya msiba uliompata, wala si dalili ya imani haba. Ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, kama vile kutetemeka kulivyo.

Kuhusu kujiua, wataalamu hawakuanza na jibu moja. Hapo awali uchunguzi wa Denmark na Marekani haukuona hatari kubwa kwa wagonjwa hawa kuliko kwa watu wengine. Ule wa Marekani hata uliiona kuwa ndogo zaidi. Kisha mwaka 2010 uchunguzi wa Serbia ulikuta hatari iliyozidi ya watu wengine takribani mara 5, na ule wa Taiwan wa mwaka 2021, uliofuata watu wengi zaidi, ulikuta takribani mara 2. Tarakimu hazilingani, lakini hizi za karibuni zatosha kutuondolea utulivu wetu.

Wako wanaodhani kwamba haya ni mambo ya Ulaya. Hawana haja ya kwenda mbali kuliko Hai, wilaya jirani na Moshi, zilipo sharika kongwe za Machame, mahali ambapo wamisionari wa Leipzig walianza kazi mwaka 1893. Huko Catherine Dotchin, Richard Walker na wenzao wa Kitanzania walifanya uchunguzi wa nyumba kwa nyumba kati ya watu 161,071, wakatoa matokeo mwaka 2008. Waliwapata wagonjwa 33 wa Parkinson, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa ugonjwa wao. Yaani waliishi miongoni mwetu, pengine wakiketi mabenchini mwetu, pasipo jina la kile kilichowasumbua. Uchunguzi uliofuata, wa mwaka 2011, ulionyesha kwamba watu walikuwa wakiuita ugonjwa wa kutetemeka, na kwamba wako waliouhusisha na uchawi. Mtu anayedhaniwa kuwa amerogwa, au kuwa mlevi, hubeba mizigo miwili.

Dawa ipo. Levodopa hupunguza kutetemeka na ukakamavu, ingawa haiponyi. (Ni ajabu kwamba kitu hicho hicho kimo katika mbegu za upupu, mmea ambao sisi tunaujua kwa kuwasha tu, wataalamu walikipata humo mwaka 1937. Hatumshauri mtu yeyote ajitibu nao.) Na sonona nayo ina matibabu yake.

Je, Kanisa limefanya nini? Mtaguso wa Braga, katika karne ya 6, ulimnyima mtu aliyejiua ibada ya maziko, na desturi hiyo ikaenea. Luther mwenyewe hakuwa mkali hivyo. Katika mazungumzo yake ya mezani mwaka 1532 alisema kwamba hakubali kuwa watu hao wamepotea kwa hakika, akawalinganisha na msafiri anayeuawa na mnyang'anyi msituni. Aliongeza kwamba jambo hili lisifundishwe hovyo kwa watu wote, Shetani asije akapata nafasi. Twadhani tumeishika sana tahadhari yake na kuisahau rehema yake. Hata Sauli, aliyeangukia upanga wake, watu wa Yabesh-Gileadi walimzika na kumfungia siku saba, na Daudi akawabariki kwa tendo hilo.

Wachaga wa kale nao walikuwa na hofu yao. Gutmann aliandika mwaka 1906 kwamba baada ya kifo cha namna hiyo mbuzi alichinjwa, roho ya marehemu itulie isiwavute ndugu wengine. Sadaka hiyo hatuikubali, lakini waliijua hatari inayoikabili nyumba iliyobaki. Sisi mara nyingi tumemaliza mazishi haraka na kuiacha nyumba hiyo peke yake.

Sheria nayo iliongeza ukimya. Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika, iliyoanza kutumika mwaka 1945, ilihesabu kujaribu kujiua kuwa ni kosa. Uingereza, ilikotoka fikra hiyo, iliifuta sheria yake mwaka 1961. Mahakama Kuu ya Kenya ilikitangaza kifungu cha nchi hiyo kuwa kinyume cha katiba mwezi Januari 2025. Familia inayoogopa polisi na mchungaji kwa pamoja haitasema kitu.

Lakini Walutheri tunao urithi mwingine pia. Lutindi, katika milima ya Usambara, nyumba iliyojengwa mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, ilianza kuwapokea wagonjwa wa akili mwaka 1904. Waliopanda kule hawakungoja kwanza kujua kama mgonjwa ana imani ya kutosha.

Tulirudi Pasua baada ya majuma mawili. Safari hii tulimwuliza mzee waziwazi kama amefikiri kujiua. Tulikuwa na hofu kwamba swali lenyewe litampandia wazo hilo. Wataalamu hukana kwamba huwa hivyo, na ndivyo tulivyoona. Alinyamaza muda mrefu, akatuomba tufunge mlango. Kisha akasema, “Ndiyo, Mchungaji. Tangu Pasaka.” Tulikaa naye, tukisema machache. Tulimwomba ruhusa ya kumwita mwanawe, ili asilale peke yake usiku ule na asubuhi apelekwe KCMC. Alikataa mara mbili. Jioni, mkwewe alipoleta mtori na kumshikia kijiko, alikubali.