Nani Alichora Mpaka wa Akili Timamu?

Asiatique ni mtaa wa Bujumbura uliotengwa kwa rangi zamani za ukoloni. Baada ya kuitwaa Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati huo, mwaka 1916, Wabelgiji waliupanga mji kwa asili za watu: Wazungu upande wao, wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu hapa, Waswahili kule Buyenzi. Leo watu wa kila asili hupishana katika maduka ya mtaa huu. Lakini zama zile zile za ukoloni zilichora mpaka mwingine, wa kutenganisha wazima na wagonjwa wa akili, na mpaka huo haujafutika.

Wanasaikolojia wameipima tabia isiyo ya kawaida kwa njia kadhaa. Wengine huuliza kama ni adimu, wengine kama inavunja desturi, wengine kama inamtesa mwenyewe au inamzuia kuishi na kufanya kazi. Kila swali lina maana yake. Kila swali pia limewahi kukwama, tena hapa hapa kwetu Afrika Mashariki.

Tuanze na uadimu. Mwaka 1938 daktari Mwingereza, J. C. Carothers, alikabidhiwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, ingawa hakuwa bingwa wa fani hiyo. Aliwahesabu Waafrika waliolazwa, akaona ni wachache, na wenye sonona wachache zaidi. Akaamini kwamba Mwafrika haugui sana huzuni. Kumbe alichohesabu ni vitanda. Aliyefikishwa Mathari mara nyingi ni yule aliyevuruga amani mpaka dola ikamwona. Mama aliyejiinamia kijijini, asiyekula wala kulala, hakumsumbua askari yeyote, basi hakuingia kwenye daftari. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani lilichapisha hoja za Carothers mwaka 1953, na humo alimfananisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ikachapisha maelezo yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Watu waliokuwa wakidai ardhi wakaelezwa kana kwamba kilichowasumbua ni akili zao. Haya hayakuwa makosa madogo ya kitaalamu. Yalisaidia kuhalalisha ukandamizaji.

Frantz Fanon, aliyekuwa tabibu wa akili huko Blida, Algeria, alimjibu Carothers kwa ukali mwaka 1961. Jibu la hesabu lilitoka Uganda. John Orley na John Wing waliwafuata watu nyumbani kwao katika vijiji viwili badala ya kuwasubiri hospitalini, na mwaka 1979 wakaeleza walichokikuta: sonona miongoni mwa wanawake wa vijiji hivyo ilikuwa nyingi kuliko miongoni mwa wanawake wa Camberwell, London. Ugonjwa ulikuwapo siku zote. Hakuna aliyekwenda kuuliza.

Kipimo cha desturi ni chepesi zaidi kuporomoka. Katika Burundi ya kale, aliyebandwa na roho ya Kiranga alisema kwa sauti isiyo yake mbele ya jamaa zake, nao wakamheshimu. Wamisionari waliona ushetani. Huku mitaa ya Waswahili, mwenye majini husomewa na shehe, wala jirani hamwiti kichaa.

Kipimo cha kuzuiwa kuishi nacho kilikwama vilipokuja vita. Rais wa Burundi, Melchior Ndadaye, aliuawa Oktoba 1993, na kwa miaka zaidi ya kumi Bujumbura iliishi na milio ya risasi. Mkazi aliyeshtuka kwa kishindo cha mlango, aliyelala na viatu miguuni, alikuwa na akili ya kutosha kujua anaishi wapi. Ugonjwa wa kiwewe uliingizwa katika mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam, na ulimhusu mtu ambaye hatari imeshampita. Hapa hatari ilikuwa bado nje.

Hata mateso ya nafsi, kipimo ninachokiona kina utu kuliko vingine, kina shimo. Roland Weierstall na wenzake waliwahoji waliokuwa watoto wapiganaji kaskazini mwa Uganda, na mwaka 2012 wakaeleza kwamba wale waliovutiwa na mapigano walionyesha dalili chache za kiwewe. Hawakuteseka sana kwa kumbukumbu. Je, hao ndio tuwaite wazima?

Mwaka 2022 mwongozo ule wa Marekani uliongeza ugonjwa wa maombolezo yaliyorefuka: kwa mtu mzima, ni lazima miezi 12 iwe imepita tangu kifo. Mwongozo unataka pia mila za mfiwa zizingatiwe, na hilo ni jema. Mjane Mwislamu wa Asiatique ana eda ya miezi minne na siku kumi. Warundi wengi hufunga matanga kwa sherehe ya kuganduka. Lakini Februari 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi ilitangaza kwamba imefukua mabaki ya watu zaidi ya 6,000 mkoani Karusi, wengi wakihusishwa na mauaji ya 1972. Kuna familia zilizotambua nguo na rozari za watu wao baada ya miaka 48, zikaanza kulia upya. Miezi 12 ya mwongozo haielezi familia hizo zihesabu kuanzia lini.