Matabisi: ni shukrani ya kiliya, ao ni mushahara wenye patron hakulipa?

Siku hizi mu Lubumbashi, bei yenye imeandikwa haiko tena bei ya mwisho. Umekula bukari na samaki, umelipa, lakini binti mwenye alikupelekea sahani anabaki amesimama pembeni ya meza: «Papa, na sukre yetu?» Ukitoka inje, zamu mwenye haukumuomba kitu anakuja mbio kukuonyesha namna ya kurudisha gari nyuma: «Mukubwa, unatuachaka vile?» Ku stesheni ya mafuta, pompisti anakutakia siku njema mara tatu. Mambo haya yalikuwa zaidi ya muji mukubwa, lakini mutu mwenye kufika Mitwaba na kulala mu nyumba ya wageni anakutana nayo pia: mwenye kuchota mayi ya kuoga, mwenye kupandisha mizigo ku kamyo, mwenye kulinda moto usiku, kila mumoja anangojea yake.

Watu wengi wamechoka. Wanasema vijana wa kazi wamezoea kuombaomba. Sisi tunaona hasira hiyo iko na haki, lakini mara nyingi inaangukia mutu mwenye hakufanya kosa. Ili kuelewa, inaomba kuangalia neno lenyewe, kisha mushahara, kisha sheria.

Kuua mududu

Neno matabisi halikuzaliwa kwetu. Linatoka mu Kireno, mata-bicho, maana yake kuua mududu. Wareno waliita vile kikombe kidogo cha pombe kali chenye mutu alikunywa asubuhi ili kuua mududu wa ndani ya tumbo. Kule Angola, mupaka leo, matabicho ni chakula cha asubuhi. Neno likaingia Kongo, Wabelgiji wakaliandika matabiche, na vinywa vyetu vikamaliza kazi.

Kwa hiyo tangu mwanzo ni kitu cha kinywaji. Ndiyo maana hata leo hakuna mutu anasema wazi «unipe franga». Anasema sukre, anasema kawa, anasema biya moja ya baridi. Wafaransa nao ni vilevile: pourboire maana yake «ya kunywa». Jirani zetu wa Kenya na Tanzania wanasema chai. Adabu ya zamani ilikuwa hivyo: mutu amekufanyia kazi muzuri, unamununulia kinywaji, na anaweza kukataa.

Lakini tusichanganye mambo mbili. Matabisi inakuja kisha kazi kuisha, na kiliya njo mwenye kuamua. Ile yenye inaombwa mbele, ili karatasi yako ipigwe muhuri ao mugonjwa wako apate kitanda, iko na jina lingine. Walingala wanaiita madeso ya bana, maharagi ya watoto. Sheria ya 29 Marsi 2005, yenye iliongeza vifungu vya korupsio mu kitabu cha azabu, inahesabu mambo kama hayo kuwa kosa. Mutu mwenye kuzuia karatasi yako mupaka utoe kitu haombi matabisi. Anakuuzia kitu chenye si chake. Shida ni kwamba maneno ni yaleyale, kawa na sukre, na mutu mwenye amesumbuliwa ku ofisi asubuhi anafika ku nganda mangaribi na anamukasirikia binti mwenye hana hata muhuri.

Namna mushahara ulihama

Mu Katanga, watu wenye umri mukubwa wanajua wakati wenye kampani ililisha familia. Union Minière ya Haut-Katanga, yenye ilianzishwa mu 1906, ilimupatia mutumishi nyumba, hospitali, masomo ya watoto na posho. Franga ya mukononi haikuwa nyingi, na kampani ilichunga mutu kama mutoto, lakini mwisho wa mwezi unga ulikuwa mu nyumba. Gécamines ikaendelea na njia ile. Kisha mu 1990 mungoti wa Kamoto, kule Kolwezi, ukaanguka. Mu miaka yenye ilifuata, mishahara ikaanza kuchelewa mwezi, miezi, mwaka. Mu 2003 na 2004, watumishi 10 655 wa Gécamines waliacha kazi mu mupango wenye uliitwa wa kujipendea. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Université ya Lubumbashi aliandika kitabu mu 2001 juu ya familia hizi, na kichwa chake kinasema yote: «Bana Shaba abandonnés par leur père», watoto wa shaba wenye baba yao aliwatupa.

Wakati uleule, masomo yalionyesha njia yenye kazi zingine zilifuata kisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, walimu waligoma kwa sababu Serikali haikuwalipa. Watoto wakabaki nyumbani. Ili milango ifunguliwe, wazazi walikubali kutoa kitu kidogo kwa walimu. Ilipaswa kuwa musaada wa muda tu. Ile kitu kidogo ikapewa jina, prime, na ikadumu zaidi ya miaka 25, mupaka masomo ya musingi ya bure yalipoanza kutumika mu Septemba 2019. Na tujue kwamba Katiba ya 2006, mu kifungu 43, ilikuwa imekwisha kusema masomo ya musingi mu shule za Serikali ni ya bure. Mu miaka hiyo yote, mwenye kuajiri mwalimu alikuwa Serikali, na mwenye kumulipa alikuwa muzazi. Muzazi alimukasirikia mwalimu, mwalimu alimukasirikia muzazi, na mwenye deni hakuwa mu chumba.

Mu nganda, mu oteli, ku parking, ni vilevile. Mutu anaomba kazi, patron anamwambia: nitakupa kidogo, lakini hapa bakiliya ni wazuri, utaishi na matabisi. Ni mapatano ya mudomo. Binti anakubali kwa sababu inje kuna wengine kumi wenye kungojea. Tangu siku ile, sehemu ya mushahara wake iko mu mufuko wa watu wenye hajawaona. Mvua ikinyesha siku tatu, bakiliya hawafiki, na ni yeye njo mwenye kupoteza. Umeme ukikatika, biya ikiwa ya moto, kiliya anakasirika na haachi kitu: tena ni yeye. Patron alikuwa amekwisha kujitoa mu hatari hiyo tangu siku ya kwanza.

Si Kongo peke yake. Kule Marekani, jambo hili liko mu sheria wazi: tangu 1991, sheria ya inchi yote inamuruhusu patron kumulipa mutumishi wa matabisi dola 2,13 kwa saa, wakati kiwango cha wengine ni dola 7,25 tangu 2009. Matabisi isipofikisha tofauti, patron anapaswa kuongeza. Majimbo fulani, kama California, yalikataa na yanaomba mushahara kamili kwa kila mutu. Watu wa kule wanabishana juu ya jambo hilo kila mwaka.

Mu sheria yetu, mushahara kidogo wa namna hiyo haumo.

Sheria ya kazi inasema nini

Kodi ya kazi ni sheria ya 16 Oktoba 2002, yenye ilibadilishwa mu sehemu fulani tarehe 15 Julai 2016. Inahusu kila patron na kila mutumishi, hata boyi wa nyumbani na zamu wa parking, isipokuwa waamuzi, askari, polisi na watumishi wa Serikali wenye sheria yao ni ingine. Kodi inahesabu vitu vyenye kufanya mushahara: salere yenyewe, komisio, prime, gratifikasio yenye patron anatoa, saa za kuongeza, na vingine. Matabisi ya kiliya haimo mu hesabu ile. Patron mwenye kusema «nakulipa kidogo sababu unapata matabisi» anahesabu franga yenye haikutoka kwake.

Na kuna kiwango chenye hakuna patron anaruhusiwa kushuka chini yake, chenye wanaita SMIG. Dekre ya 2018 ilikiweka ku franka 7 075 kwa siku. Wakati ule ilikuwa zaidi ya dola 4. Kiwango kikabaki palepale miaka saba, lakini dola ikapanda, na mu 2025 franka 7 075 hazikufikia hata dola 3. Dekre ya 30 Mai 2025 ikapandisha SMIG ku 14 500 kwa siku, kisha 21 500 kuanzia Januari 2026. Kwa mutu mwenye kutumika siku 26 kwa mwezi, 21 500 inafanya franka 559 000. Hiyo ni ya manovri wa kawaida, mutu wa chini kabisa mu ngazi ya kazi. Kodi inasema pia juma la kazi ni saa 45. Zenye kupita pale zinalipwa zaidi. Uliza binti wa nganda anafungua saa ngapi na anafunga saa ngapi, utafanya hesabu wewe mwenyewe.

Watu wengine wanasema: lakini na matabisi anafikia, kwa nini kulalamika? Siku ya leo anaweza kufikia, ni kweli. Shida inaonekana siku yenye hayuko ku kazi. CNSS, yenye zamani tuliita INSS, inakata asilimia 5 ku mushahara wa mutumishi, na patron anaongeza asilimia 13. Pansioni inahesabiwa ku ile mushahara. Matabisi haipite pale, na kama patron hakumuandikisha, hakuna kitu kabisa. Angalia pia mwanamuke mwenye mimba. Kodi inamupatia majuma 14 ya kupumuzika, na mu wakati ule anapokea sehemu mbili juu ya tatu za mushahara wake. Kama mushahara wake wa kweli ulikuwa 559 000, anapata karibu 372 000 kwa mwezi. Kama patron anamulipa 150 000 na mingine ilitoka kwa bakiliya, anapata 100 000, na hakuna kiliya anapita ku nyumba ya mutoto muchanga kuacha sukre. Ndiyo maana wanarudia kazini mbele ya majuma kuisha, mutoto akibaki kwa tate yake.

Na kiliya?

Kiliya hana lazima ya kutoa. Hilo ni wazi. Wengi wenye kuombwa matabisi nao ni walimu, wauguzi, wachuuzi wadogo wenye mufuko yao haiko na tofauti na ya mwenye kuomba. Kukataa kwa heshima si zambi, na binti mwenye kukunyima tabasamu sababu jana haukuacha kitu anaharibu kazi yake mwenyewe. Lakini kumutukana, ao kumuachia noti ya 500 yenye imepasuka mara mbili yenye hata muuza karanga ataikataa, hiyo inamuumiza yeye na haigusi patron hata kidogo. (Sisi wenyewe tunakataa dola yenye iko na kitobo kama kichwa cha sindano.)

Ukitaka kutoa, toa mukononi mwa mutu mwenyewe. Kama ku faktire wameandika «service» na asilimia fulani, uliza inaenda kwa nani. Jibu, ao ukimya, vitakufundisha kitu juu ya nyumba ile. Na kama wewe njo patron, hata wa nganda ya meza tatu, ujue kwamba SMIG inakuhusu.

Kudai, hata kutoka Mitwaba

Mutumishi mwenye kulipwa chini ya SMIG hawezi kwenda moja kwa moja ku tribinali ya kazi. Inapaswa kwanza kupita kwa inspekta wa kazi, ku Inspection du Travail, ili ajaribu kupatanisha. Wakishindwana, inspekta anaandika prose-verbal, na ile karatasi njo inafungua mulango wa tribinali. Watu wengi wanaogopa kwa sababu hawakusaini kontra. Wasiogope: kontra isipoandikwa, sheria inaihesabu kuwa ya muda usio na mwisho, na mutumishi anaweza kuihakikisha kwa njia yoyote. Mesaji ya simu yenye patron alituma, alama za malipo ya M-Pesa ao Airtel Money, jirani mwenye alikuona kila siku, vyote vinaweza kusaidia.

Kitu chenye kinaangusha wengi ni wakati. Deni la mushahara linakufa kisha mwaka mumoja, tangu siku yenye ulipaswa kulipwa. Kwa mutu wa Mitwaba mwenye kutaka kufikisha mambo yake Lubumbashi, barabara inapita Likasi, na mu mvua kamyo inaweza kulala mu matope siku nyingi. Asingojee mwaka ufike. Kila mwezi aandike mu kadaftari siku zenye alitumika, saa ya kuingia na ya kutoka, na franga yenye patron alitoa. Matabisi aiandike ku ukurasa mwingine, isichanganyike. Deni la mwisho wa Februari halidaiwi tena mwisho wa Februari ya mwaka wenye kufuata ukipita, hata kama lile la Marsi lingali na mwezi mumoja.