Jicho la Angani na Miti ya Mto Turkwel

Mto Turkwel huanzia katika miteremko ya Mlima Elgon, ukakata nchi kame ya Turkana, ukapita Lodwar na mtaa wake wa Kanamkemer, kisha ukamwaga maji yake katika Ziwa Turkana. Kandokando yake umesimama msitu mwembamba wa migunga. Mgeni aweza kudhani kuwa msitu huo hauna mwenyewe, lakini sivyo. Kwa desturi ya Waturkana, kila kipande kina jamaa yake, nacho huitwa ekwar. Wakati wa kiangazi, nyasi zikiisha, mbuzi hula maganda ya mbegu yaangukayo kutoka katika miti hiyo. Kwa hiyo kumkatia mtu migunga yake ni kumvunjia ghala.

Je, twawezaje kujua kama msitu huo unapungua au unaongezeka? Zamani ilikuwa hapana budi kumwuliza mzee wa mahali, au kuipiga nchi picha kutoka katika ndege. Lakini tarehe 23 Julai 1972 Marekani ilirusha setilaiti iliyoitwa baadaye Landsat 1. Ilizunguka dunia kwa kimo cha kilomita 900 hivi, ikarudi juu ya mahali pale pale kila baada ya siku 18. Mwaka 1975 kikaanzishwa Nairobi kituo cha kuzihudumia nchi za Afrika katika upimaji na uchoraji wa ramani, na mwaka 2008 picha zote za Landsat zikaanza kutolewa bure.

Yafaa tufahamu namna jicho hilo lionavyo. Jani lenye afya hurudisha kwa wingi miale fulani ya jua ambayo macho yetu hayaioni. Setilaiti huipima miale hiyo, nasi tukilinganisha vipimo vya miaka mbalimbali twajua palipoota na palipokauka.

Turkana ilipata mabadiliko makubwa katika muda huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya ukame mkali, ulipandwa mti wa kigeni uitwao mathenge, ili uzuie mchanga na kutoa kuni. Mwaka 1991 bwawa la Turkwel lilikamilika huko juu, na mafuriko yaliyokuwa yakiinywesha migunga michanga hayakufuata tena desturi yake. Mwaka 1992 kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilifunguliwa karibu na Mto Tarach, na maelfu ya watu wakahitaji nguzo, kuni na mkaa. Picha za angani zaonyesha wazi jinsi kambi ilivyotanuka mwaka hata mwaka.

Lakini picha hizo zina mpaka wake. Katika picha za Landsat zilizotumiwa sana tangu miaka ya 1980, kila kitone ni mraba wa mita 30 kila upande. Mgunga mmoja hupotea ndani yake. Tena mathenge ni kijani kama mgunga. Ikiwa migunga imekatwa na mathenge yakasongamana mahali pake, mtazamaji asiye mwangalifu atasema nchi imepona, hali mfugaji amepoteza malisho yake. Wala hasara hiyo haikuonekana Turkana peke yake: mwaka 2006 wakazi wa Baringo waliishtaki serikali mahakamani kwa sababu ya mti huo huo, wakilalamika kuwa maganda yake matamu yanaharibu meno ya mbuzi wao.

Setilaiti za siku hizi, kama Sentinel-2 iliyorushwa mwaka 2015, huona vitone vya mita 10, nao wataalamu wamejifunza kutenganisha mathenge na miti mingine kwa kulinganisha majira ya majani yake. Hata hivyo, ni lazima waende ardhini kuhakikisha, na huko humkuta mwenye ekwar.

Basi tusimdharau shahidi yeyote kati ya hao wawili. Jicho la angani huona nchi nzima kwa mara moja, nalo halisahau mwaka uliopita. Lakini halijui mti ni wa nani, wala mbuzi gani atalala na njaa ukikatwa. Mzee wa Kanamkemer anayajua hayo, ingawa hawezi kuona mto wote. Aamuaye habari za ardhi kwa kumsikiliza mmoja tu huenda akaidhulumu nchi, hali ramani iko mkononi mwake.