Uchapaji wa Programu za Kompyuta

Msomaji wa hadithi akikuta herufi moja imepotea katika neno, huijaza kwa akili yake akaendelea kusoma. Kompyuta haina hisani hiyo. Mkato mmoja ukikosekana katika programu, kazi nzima husimama au, vibaya zaidi, huendelea katika upotovu. Kwa hiyo kuchapa programu vitabuni kulikuwa na hatari tangu mwanzo, na historia ya vyombo vya kazi hiyo ni historia ya jitihada ya kuuondoa mkono wa mnakili kati ya mtungaji na msomaji.

Katika Januari 1960 wataalamu 13 wa Ulaya na Marekani walikutana Paris kuunda lugha ya Algol 60. Taarifa yao, iliyohaririwa na Peter Naur wa Denmark, iliipa lugha hiyo sura tatu: sura ya rejeo, sura ya kuchapwa na sura ya mashine. Kitabuni maneno kama begin na end yalipigwa kwa herufi nzito, lakini mashine nyingi za siku zile hazikuwa na herufi za namna hiyo. Mwaka huo huo jarida la Communications of the ACM lilianza kuchapisha programu katika Algol. Wasomaji walizijaribu, wakaandika kuzithibitisha au kuzisahihisha; na baadhi ya makosa waliyoyaona yalikuwa ya chapa, si ya mtungaji.

Mnamo 1977 Donald Knuth, profesa katika Chuo Kikuu cha Stanford, aliletewa prufu za toleo jipya la juzuu ya pili ya The Art of Computer Programming. Chapa ya risasi ilikuwa imeachwa, na umbo la herufi mpya halikumpendeza hata kidogo. Akaazimu kutunga programu yake mwenyewe ya kupanga chapa, akaiita TeX. C. A. R. Hoare alimshauri aichapishe programu hiyo ili watu waisome. Ushauri huo ulikuwa mzito, maana achapaye programu yake huugeuza upande wa ndani wa nguo, watu wakaona mishono.

Ili kutimiza hayo Knuth alibuni chombo kiitwacho WEB, akakieleza katika makala ya mwaka 1984. Mtungaji huandika faili moja tu, ambamo maelezo na amri hukaa pamoja. Kutoka faili hilo, TANGLE hutoa amri za Pascal kwa ajili ya mashine. WEAVE hutoa kurasa kwa ajili ya binadamu: maneno ya lugha kwa herufi nzito, majina kwa herufi za mlazo, na mwishoni faharasa ya majina yote. Mwaka 1986 programu ya TeX ilitoka kitabuni, katika sehemu zaidi ya 1,300. Knuth aliahidi kumlipa kila atakayeona kosa, na malipo yakaongezwa maradufu mwaka hadi mwaka mpaka yakafika dola 327.68. Ahadi kama hiyo haikuwezekana kama ukurasa na mashine vingekuwa na asili mbili.

Hata hivyo, wachache walikubali kuandika insha pamoja na programu. Wengi walichagua njia nyepesi zaidi. Chombo cha vgrind, katika Unix ya Berkeley, kiliichukua programu iliyokwisha andikwa, kikayapa maneno ya lugha herufi nzito na maelezo herufi za mlazo. Baadaye, kwa watumiaji wa LaTeX, kifurushi cha listings kilifanya kazi ya jamaa hiyo, nacho huweza kusoma faili lenyewe la programu na kulipanga ukurasani.

Njia hizi mbili zimetofautiana katika mengi. Ya kwanza humtaka mtungaji ajieleze. Ya pili humvika nguo tu. Lakini zimepatana katika neno moja: kile kisomwacho na mtu kiwe kilekile kitiiwacho na mashine. Uzuri wa chapa ni pambo jema, bali uaminifu wake ndio amana.