42 ya Mulongwe: namba ya kiatu ilitoka wapi

Wandugu, kwanza niungame. Mwezi nilipopata mshahara wangu wa kwanza wa kazi ya shamba, nilishuka sokoni Mulongwe kununua basketi za kizamani, zile za mtindo wa miaka ya 70 ambazo siku hizi kila mwanafunzi anazitafuta: ngozi nyeupe, soli bapa ya kahawia, chaguwa safi. Dola 20. Muuzaji alikuwa amezisugua kwa mswaki mpaka zikang'aa.

"Mukubwa, si unavaa 42? Hii iko 42. Chukua tu, itafunguka."

Nikaangalia ulimi wa kiatu, kweli imeandikwa 42. Na kile kiatu changu cha siku zote kilikuwa 42 vilevile. Nikajaribu mguu mmoja tu, nimesimama kama korongo katikati ya watu, nikalipa.

Hakikufunguka. Wiki iliyofuata tulikuwa na kazi ya kupima mashamba ya mpunga kule uwanda wa Ruzizi, upande wa Kiliba, na mie nikaenda nazo ili wenzangu wanione. Siku ya pili kucha la kidole gumba likawa jeusi. Siku ya nne nilimuuzia dogo wa baba mdogo kwa dola 8. Kucha lenyewe liling'oka mwezi uliofuata. Simlaumu muuzaji wala kiwanda. Niliamini namba bila kuuliza inapima nini, na mie ni agronome, mutu aliyefundishwa miaka yote kupima.

Tangu hapo nimekuwa nikifuatilia hii habari ya namba, na nimegundua kwamba ina historia ndefu kuliko tunavyofikiri. Inamgusa hata shujaa mmoja wa Afrika yetu ya mashariki.

Tarehe 10 Septemba 1960, huko Roma, Abebe Bikila wa Ethiopia, askari wa kikosi cha ulinzi cha Mfalme Haile Selassie, alishinda mbio za maratoni za Olimpiki kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Alikimbia peku. Picha hiyo sote tunaijua, na watu huisimulia kama habari ya umaskini: Mwafrika hana kiatu. Lakini viatu vilikuwepo. Masimulizi yanatofautiana kuhusu ni viatu gani na alivipata vipi, ila yanakutana mahali pamoja: vile vipya alivyojaribu havikumkaa vizuri mguuni. Yeye na kocha wake, Onni Niskanen wa Sweden, wakaona heri akimbie kama alivyozoea mazoezini, bila kitu. Miaka 4 baadaye, Tokyo, alikimbia na viatu vilivyomkaa, akashinda tena kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, wiki chache tu baada ya kupasuliwa apendiksi. Kwa hiyo mutu mwenye mbio kuliko wote duniani alipewa kiatu kisichomfaa, naye akakiacha. Mie sikuwa na akili hiyo kule Kiliba.

Sasa turudi kwenye namba yenyewe. Waingereza walipima kwa punje ya shayiri. Punje 3 zikipangwa kichwa kwa mkia zinafanya inchi 1, na husimuliwa kwamba ilikuwa amri ya mfalme Edward II mwaka 1324. Mwaka 1688 Mwingereza Randle Holme aliandika kitabuni jinsi mafundi wa viatu walivyotumia kipimo hicho. Mpaka leo, ukitoka namba 8 ya Kiingereza kwenda 9, unaongeza punje moja ya shayiri, karibu milimita 8 na nusu. Hapa nilicheka peke yangu. Shayiri ya wapi? Iliyopata mvua au iliyokauka? Mwenye kulima mpunga Ruzizi anajua kwamba hata katika shuke moja punje hazilingani. Bora walikuja kuikaza kwa inchi, sivyo kila mavuno tungevaa namba nyingine.

Wafaransa walichukua njia yao, pointi ya Paris, ambayo ni theluthi mbili za sentimeta. Ndiyo pointure yetu. Chukua 42, zidisha kwa 2, gawa kwa 3: unapata sentimeta 28. Lakini pima mguu wa mutu anayevaa 42, utakuta 26 na nusu, au 27. Ile sentimeta nyingine iko wapi? Jibu ndilo lililonigharimu kucha: namba ya Kifaransa, na ya Kiingereza pia, haikuanza kwa kupima mguu. Inapima forma, ule mguu wa mbao ambao fundi anauvalisha ngozi. Ndani ya forma mna nafasi mbele ya vidole, na kila kiwanda kinaamua chenyewe iwe nafasi kiasi gani. Basi 42 mbili zinaweza kuwa na forma ya urefu mmoja na zisitoshe mguu mmoja.

Sisi watu wa ziwa tumekaa kwenye mpaka wa hizi namba. Mbelgiji alitawala Kongo, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia akashika Ruanda-Urundi pia, na kwa hiyo Uvira na Bujumbura tukahesabu kwa Kifaransa. Ng'ambo, Kigoma ikabaki Tanganyika ya Mwingereza, na mzee aliyesoma enzi hizo alijua mguu wake ni namba 8, hakuwa na habari ya 42. Ziwa ni moja, ndagala ni wale wale, lakini mguu ukivuka unabadilisha namba. Na leo balo la viatu linaloshushwa bandarini Kalundu linaleta vyote vimechanganyika: vya Marekani, vya Ulaya, vya Asia.

Ndiyo maana kwenye ulimi kuna mstari mzima wa namba. Wengi wetu tunasoma ile moja tu tunayoijua. Mfano: adidas wakiandika UK 8, pembeni yake utasoma 42, na mguu wa sentimeta 26 na nusu (Wajapani wanaandika 265). Nike wakiandika UK 8, pembeni yake ni 42 na nusu, na sentimeta 27. Converse All Star, kiatu cha basketi tangu 1917, ukiona 42 pale sentimeta ni 27, wakati 42 ya Nike ni 26 na nusu. Hakuna anayedanganya hapo, kila mmoja ana forma yake na hesabu yake. Mstari wa CM au JP ndio peke yake unaoongea habari ya mguu wako.

Na zile 42 2/3 na 43 1/3 za adidas? Pale sokoni nimesikia vijana wakisema eti ni alama ya kiatu feki. Hapana. Kiwanda kinahesabu kwa nusu namba za Kiingereza. Nusu ya punje ya shayiri ni milimita 4 na kidogo, na pointi ya Paris ni milimita 6 na kidogo, kwa hiyo kila nusu ya Mwingereza inaangukia karibu theluthi mbili za Mfaransa. Hiyo sehemu ndogo ni kovu la mapatano ya mataifa mawili.

Urefu si kila kitu pia. Mmarekani Charles Brannock wa Syracuse, katika miaka ya 1920, alitengeneza kile chuma cha kupimia ambacho kinasoma urefu, upana na mahali mguu unapokunjika. Kwetu upana ndio unaotusumbua, kwa sababu mguu uliokulia peku na kwenye kambambili hutanuka mbele. Samba ya adidas ilianza kama kiatu cha mpira karibu na mwaka 1950, na kiatu cha mpira hushika mguu, ni chembamba. Ngozi itakubali kidogo kwa upana. Kwa urefu, hata useme "itafunguka" mara mia, haiongezeki.

Jambo lingine, kwa wale wanaopenda kiatu kikuukuu chenyewe na si toleo jipya la mtindo wa zamani: bonyeza soli kwa kidole. Soli zenye sponji ya poliyuretani huoza zikikaa miaka mingi, na unyevu wa ziwa letu unaharakisha. Kiatu kinaweza kukutosha vizuri kabisa, halafu kikavunjika kama mkate njiani kuelekea Kavimvira.

Mwaka jana dada yangu mdogo aliandika kutoka Baraka. Alikuwa anajitayarisha kutetea kazi yake ya mwisho na alitaka basketi nyeupe za kuvaa na pagne. "Yaya, mie navaa 38." Nikamwambia asinitajie namba. Asubiri jioni, mguu ukishavimba kidogo, asimamishe kisigino ukutani juu ya karatasi, apige alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, miguu yote miwili. Alituma picha na rula: wa kushoto 24, wa kulia 24 na milimita 4.

Nikaenda Mulongwe na rula ile ile, nikatafuta ulimi ulioandikwa 24.5. Pale maandishi yalipofutika nilitoa kitambaa cha ndani, nikakipima, nikahakikisha kinazidi mguu kwa upana wa kidole. Muuzaji wangu wa zamani alinitambua, akacheka mpaka akaita wenzake waje kuona agronome anapima viatu kama shamba. Tulipata 38 na nusu, dola 12.

Alizivaa tangu asubuhi mpaka jury ilipotoka, karibu saa 11 za jioni, hakuzivua. Rula niliisahau juu ya meza ya muuzaji. Niliporudi kuichukua wiki iliyofuata, alikuwa ameifunga kwa kamba kwenye mguu wa meza, akaniambia ninunue ingine.